Kulitoa Gari la Mbio Uwanjani na Kulitia Barabara ya Malindi

Gari la mbio la kiti kimoja huundwa kwa ajili ya dakika chache za kasi. Aghalabu halina rivasi, halina honi, halina feni ya kupoza maji likiwa limesimama, na dereva wake huvaa helmeti na kufungwa mikanda na mwenzake kabla ya kuondoka. Lipeleke gari hilo sokoni Malindi saa sita mchana mwezi wa Machi, tuktuk mbele, tuktuk nyuma, mkokoteni wa maji ukikatiza katikati, na haitachukua muda kabla halijaanza kutoa mvuke. Kazi ya kuligeuza liwe gari la barabarani ni kulipa uwezo wa kungoja, kuonekana, kusimama kila linapotakiwa na kubeba mtu wa pili. Kasi linayo tayari, na hiyo ndiyo sehemu isiyohitaji shilingi yako hata moja.

Ninazungumzia zaidi mabagi ya autokrosi, kwa kuwa hayo ndiyo magari ya kiti kimoja ambayo Mkenya anaweza kuyapata bila kuvuka bahari. Mashindano ya autokrosi, yaliyo chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, yana madaraja ya mabagi: fremu ya mabomba, injini nyuma ya mgongo wa dereva, mara nyingi ya pikipiki kubwa, na mnyororo unaozungusha ekseli. Gari la saketi kutoka Ulaya, kama Formula Ford iliyoanza mwaka 1967 kule Uingereza, ni habari nyingine. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, na kinataka usukani uwe kulia. Formula Ford ya miaka ya 1980 imeanguka mitihani yote miwili, kwa umri na kwa usukani ulio katikati. Dalali wa bandarini akikwambia hilo linapangika, usimpe pesa.

Karatasi kabla ya grainda

Watu wengi wanaoanza kazi hii huanza na injini, kwa sababu injini ndiyo tamu. Anza na swali hili: gari lako litatambulika kwa jina na namba gani katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani? Kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, gari lisilosajiliwa halina ruhusa ya kukanyaga barabara ya umma, hata kama ni kutoka gereji hadi kituo cha mafuta cha jirani. Bagi lililochomelewa kwa ajili ya mbio kwa kawaida halina namba ya chesesi inayotambulika, halina logibuku, na pengine mabomba yake yalinunuliwa bila risiti.

Njia moja ambayo mafundi wengine hukushauri ni kununua gari kuukuu lenye logibuku, kukata kipande chenye namba ya chesesi na kukichomelea kwenye fremu yako. Kataa moja kwa moja. Huko ni kuchezea namba ya utambulisho wa gari, ni kosa la jinai, na siku ya ajali kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kukuacha na mzigo wako.

Fanya hivi badala yake. Piga picha za gari kila upande likiwa bado la mbio. Mtafute mtu anayejua kuchora akuchoree mchoro wa vile litakavyokuwa: urefu, upana, nafasi ya viti, mahali pa taa, njia za breki. Kusanya risiti ya kila kitu, ya injini kwanza, pamoja na stakabadhi za forodha ikiwa injini au fremu iliingia kutoka nje. Kisha andika barua kwa NTSA na nakala kwa KEBS, ukiuliza gari la namna hiyo litasajiliwa kwa utaratibu gani na litakaguliwa kwa kipimo gani. Subiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la afisa mwema halifai, kwa sababu siku utakayopeleka gari afisa huyo anaweza kuwa amehamishiwa Garissa.

Ikiwa jibu ni gumu, iko njia ya pili ambayo dunia nzima imeitumia. Bruce Meyers wa California alianza kutengeneza mabagi yake ya ufukweni mwaka 1964, na yakaenea pale bodi yake ilipokalia sakafu ya Volkswagen ya kobe iliyokwisha sajiliwa. Sakafu ilibaki na namba yake. Kilichobadilika ni bodi. Kwetu, mabadiliko ya bodi, injini au rangi lazima yaripotiwe NTSA ili logibuku iandikwe upya, na ukaguzi hufuata. Ukipata gari halali la chesesi ya kujitegemea na ukahamishia juu yake roho ya bagi lako, yaani viti, kioo, muundo wa mabomba na injini, unakuwa umebadilisha gari lililopo badala ya kuzaa jipya lisilo na cheti.

Jambo lingine linalosaidia ni kuongea na watu wa rali. Tangu mashindano ya Safari Rally yaanze mwaka 1953 magari ya rali yamekuwa yakisafiri kwenye barabara za umma, kwa hiyo yana namba za usajili, taa na bima. Wenye magari hayo wanajua ukaguzi wa gari lenye fremu ya mabomba ndani na viti vya mbio unakwendaje. Kikombe cha chai pamoja nao kina thamani kubwa.

Bima nayo iulize mapema. Ya mtu wa tatu ni lazima chini ya Sura ya 405, na si kila kampuni itakubali gari lisilokuwa kwenye orodha yake ya majina.

Kiti cha pili

Hapa ndipo kazi ya chuma inapoanza, na hapa ndipo historia inatufundisha vizuri. Mwaka 1962 kampuni ya Lotus ilikuwa na gari la mbio la kiti kimoja liitwalo Lotus 22. Walitaka gari la michezo la viti viwili. Hawakuanza upya, walichukua mpangilio ule ule wa fremu na wakaupanua katikati, likawa Lotus 23. Miaka ya 1990 mbunifu Gordon Murray alipita njia tofauti kwenye gari liitwalo Rocket: lina sura ya gari la mbio la zamani, injini ya pikipiki ya Yamaha, na abiria anakaa nyuma ya dereva kama kwenye bodaboda.

Mtindo wa Rocket unavutia kwa sababu hukati fremu sana. Lakini usukani unabaki katikati, na KS 1515 inazungumzia kulia. Kwa hiyo kwetu fuata Lotus: viti viwili ubavu kwa ubavu, dereva kulia.

Usijaribu kupasua fremu katikati na kujaza vipande. Acha ncha mbili, ile ya mbele inayobeba suspensheni na stelingi na ile ya nyuma inayobeba injini, kisha jenga katikati mpya. Mabega ya watu wazima wawili yanataka kama sentimita 110. Tengeneza meza ya chuma iliyonyooka, ipime kwa levo, funga ncha zote mbili juu yake zisiweze kusogea, ndipo uanze kukata. Kwa mabomba, tyubu ya mraba ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.6 imejenga maelfu ya magari madogo ya nyumbani; ndiyo aliyoitumia Ron Champion katika kitabu chake cha mwaka 1996 kilichowafundisha Waingereza kujijengea gari la michezo. Pao za kuzuia gari lisibingirike zinataka bomba nene zaidi, la duara, lililokunjwa kwa mashine. Bomba la maji lililopakwa zinki usiliguse kabisa: moshi wake ni sumu kwa mchomeleaji, na zinki huharibu kiungo.

Shikiza viungo vyote kwanza kwa nukta ndogo ndogo, pima pembe kwa pembe, halafu ndipo uchomelee kikamilifu, ukirukaruka kutoka kona moja hadi kona ya upande wa pili. Ukichomelea upande mmoja ukaumaliza, joto litaivuta fremu na gari litakwenda upande maisha yake yote.

Sasa kuhusu kichwa. Uwanjani dereva ana helmeti, kwa hiyo mabomba ya juu yanaweza kupita karibu naye. Barabarani huna helmeti wala abiria wako hana. Bomba lililo sentimita 10 kutoka kwenye fuvu ni nyundo inayongoja ajali ndogo. Kaa kitini ukiwa umefunga mkanda, mwambie mwenzako akusukume kichwa kwa mkono kila upande hadi shingo ikatae, na bomba lolote utakalolifikia lihamishe. Lisilohamishika livishe povu gumu la kazi hiyo, wala si sponji ya godoro.

Mikanda ya mbio yenye ncha tano au sita ni migumu kuifunga na kuifungua kwa haraka, na kila abiria atakuwa na sababu ya kutoifunga. Tia mikanda ya kawaida ya ncha tatu yenye kujikunja, iliyotoka kwenye gari lenye viti vya ukubwa huo. Pointi ya bega iwe sawa na bega au juu yake kidogo. Ikiwa chini, ajali ya mbele itamkandamiza mtu uti wa mgongo. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitufundisha wote kufunga mikanda. Pointi iliyochomelewa vibaya inaifanya sheria hiyo kuwa pambo.

Injini: pikipiki au Probox?

Injini ya pikipiki ya cc 1000 ina raha yake, na anayeipenda simlaumu. Lakini barabarani ina matatizo. Haina rivasi. Klachi yake ilitengenezwa kuvuta pikipiki na watu wawili, si gari lenye abiria na mizigo. Na nguvu zake ziko juu kabisa kwenye mizunguko, pale ambapo majirani wa Ngala au Mnarani hawatakuvumilia alfajiri.

Suala la rivasi huwaponza wengi. Wanaona tuktuk ina rivasi, na tuktuk Malindi ziko kila pembe, basi wanachukua giaboksi yake au ya pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo na kuiunga. Gia hizo zilipimwa kwa injini ndogo ya nguvu za farasi kumi hivi. Ukipitisha ndani yake nguvu za farasi zaidi ya mia moja zitakatika, na zikikatika ukiwa kwenye mteremko wa Mnarani hutakuwa na injini ya kukushikilia.

Mimi ningeitoa ile ya pikipiki na kutia injini ya Toyota Probox, ile 1NZ ya cc 1,496. Probox iko sokoni tangu mwaka 2002 na imebeba miraa, maziwa na samaki kila kona ya nchi. Hakuna fundi kutoka Mtwapa hadi Marereni asiyejua kuifungua. Ina rivasi, ina alternata, ina stata, ina thamostati, inanguruma kwa adabu. Nguvu zake si za kutisha ndani ya Probox, lakini zikitiwa ndani ya gari la kilo 600 utashangaa. Nunua nosikati nzima, yaani sehemu yote ya mbele ya gari lililokatwa, ikiwa na giaboksi ya kawaida, waya zote, kompyuta na ufunguo wake. Ukinunua injini peke yake utatumia miezi kutafuta soketi. Na dai karatasi za injini kabla ya kulipa, kwa kuwa namba yake ndiyo itakayoandikwa kwenye logibuku.

Mfumo wote huo uliokuwa mbele ya Probox unahamia nyuma ya viti vyako bila kugeuzwa: injini, giaboksi, drivshafti, habu na diski. Habu hizo zilizoea kupiga kona, zina mkono wa kuvutwa na tairodi. Nyuma hazitakiwi kupiga kona hata kidogo. Mkono ule ufungie kwa fimbo imara iliyoshikizwa kwenye fremu, yenye nyuzi za kurekebisha urefu, na bolti yake iwe ya daraja la 8.8 au zaidi. Fimbo hiyo ikilegea gari litajiendesha kutoka nyuma, na hilo halina dereva hodari.

Gia za 1NZ huvutwa kwa kebo mbili, kwa hiyo kuzifikisha mbele ni suala la kutengenezewa kebo ndefu, zisizo na kona kali.

Matuta na kipimo cha ubao

Gari la saketi hukaa sentimita 5 au 6 juu ya lami. Bagi la autokrosi lina nafuu kwa kuwa limezoea vumbi, lakini tumbo lake huchubuka pia. Barabara ya Mombasa hadi Malindi ina matuta karibu kila penye shule, soko au msikiti, na hata upanuzi wa barabara kutoka Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi hauondoi yale ya mitaani. Lenga sentimita 15 chini ya sehemu ya chini kabisa, watu wawili wakiwa ndani na tangi likiwa limejaa. Halafu chukua ubao mrefu ulionyooka uende kwenye tuta baya kuliko yote unayoyapita kila siku, ulipime kimo na upana, ulichore kwenye karatasi pamoja na umbali kati ya magurudumu yako. Karatasi itakuonyesha kama tumbo litapanda juu ya tuta kabla magurudumu ya nyuma hayajafika.

Usilipandishe gari kwa springi ndefu peke yake. Mikono ya suspensheni ikikaa kwa pembe kali, gurudumu hupinda lenyewe kila linapopanda shimo, na usukani utakunyang'anya mikono. Baada ya kuhamisha pointi, kagua hivi. Toa springi upande mmoja. Funga usukani kwa kamba usizunguke. Kwenye habu, mahali pa gurudumu, funga ubao mnyoofu wa plaiwudi wa sentimita 60, ulale sambamba na sakafu. Simamisha stendi mbili za chuma pembeni, moja mkabala na mwisho wa mbele wa ubao, nyingine mkabala na mwisho wa nyuma. Pima kwa rula umbali wa kila mwisho kutoka kwenye stendi yake, uandike. Inua habu kwa jeki sentimita 2, upime tena. Endelea hadi juu, kisha shuka hadi chini.

Umbali wa pande zote mbili ukibadilika kwa kiasi kimoja, gurudumu linapanda bila kupiga kona na yote ni salama. Wa upande mmoja ukiongezeka kuliko wa mwingine, gurudumu linapiga kona lenyewe. Tofauti ya milimita moja au mbili inavumilika. Ikizidi, pandisha au shusha mwisho wa tairodi kwa washa moja moja na upime upya. Ni kazi ya siku nzima kwa magurudumu yote, inachosha, na hakuna kazi nyingine kwenye gari hili itakayokulipa vizuri kuliko hiyo.

Viungo vya mbio vya chuma kwa chuma hupiga kelele na huliwa upesi na mchanga wetu. Penye mpigo mwingi tumia bushi za mpira au za plastiki ngumu. Penye ulazima wa viungo vya chuma, vivishe soksi za mpira.

Kupoza, na maji ya kisima

Rejeta ya gari la mbio hutegemea upepo wa mwendo. Weka kubwa zaidi, yenye feni mbili za umeme na swichi ya joto, na hakikisha mabomba ya maji kutoka mbele hadi nyuma hayana mgongo unaonasa hewa. Tia kizibo cha kutolea hewa mahali palipo juu kuliko pote.

Kosa linaloua injini Pwani ni maji yenyewe. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na maji hayo ndani ya rejeta ya aluminiamu hujenga ukoko na kula chuma kwa wakati mmoja. Hata maji ya mfereji yanayotoka Baricho si ya kuwekwa peke yake. Tumia maji ya rejeta yenye dawa, yaliyochanganywa kiwandani, na uyabadilishe kwa ratiba.

Breki

Pedi za mbio hazishiki mpaka zipate moto. Asubuhi unapotoka nyumbani na mtoto akakimbilia mpira mbele yako, pedi hizo ni ubao tu. Tia pedi za kawaida. Mfumo uwe wa njia mbili, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki, na nguvu kubwa iwe mbele. Hendibreki ya kebo inayoshika magurudumu ya nyuma ni ya lazima, na ndiyo kitu cha kwanza ambacho mkaguzi atakivuta. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu haikauki. Badilisha kila mwaka bila kungoja dalili.

Kuonekana

Kimo cha gari hili ni kama kiuno cha mtu. Dereva wa lori la chumvi kutoka Gongoni haoni kitu kilicho chini ya boneti yake, na usiku ni mbaya zaidi. Taa za mbele, za nyuma, indiketa, taa za breki, taa ya namba na viakisi ni za sheria. Lakini ongeza taa ya breki ya tatu juu ya pao la nyuma ya vichwa, kwa kuwa ile ya chini itafichwa na tuktuk ya kwanza itakayokaa nyuma yako. Rangi iwe ya kung'aa. Nyeusi na kijani cha msitu ziache kwa magari marefu. Honi chukua ya gari kubwa.

Magurudumu yote yavishwe madigadi yanayofunika upana wote wa tairi. Kioo cha mbele kiwe cha tabaka mbili zenye utando katikati, kilichokatwa bapa na mkata vioo. Kioo cha dirisha la nyumba hakiruhusiwi na kikivunjika ni visu. Vaipa moja yenye mkono mrefu yatosha. Tairi za slik hazina nafasi barabarani, na kwenye mvua ya masika zitaelea. Silensa weka kubwa: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na gari hili tangu zamani linajulikana kwa mlio wake.

Kutu

Chumvi iko hewani kutoka Mtwapa hadi Mambrui, upepo wa kusi ukiisukuma nchi kavu. Mabomba ya fremu huoza kutoka ndani, kwa hiyo kila ncha izibwe kwa kuchomelewa na kila tundu la riveti lijazwe silanti. Bati la aluminiamu lililogusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi huliwa taratibu. Weka ukanda wa mpira au silanti katikati kabla ya kupiga riveti. Ufukweni usiende kabisa. Mbali na chumvi, fukwe za Watamu na Malindi ni mahali kasa wanapotagia, karibu na hifadhi za bahari zilizoanzishwa mwaka 1968, na gurudumu halioni mayai yaliyo chini ya mchanga.

Siku ya ukaguzi na baada yake

Mkaguzi hakuja kulipenda gari lako. Mwaka 1962 Lotus 23, gari lile lile nililolisifu, lilikataliwa kwenye mashindano ya Le Mans kwa sababu magurudumu ya mbele yalifungwa kwa nati 4 na ya nyuma kwa 6. Kitu kidogo, gari zuri, likarudi nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kupeleka lako, zunguka na rafiki mkali asiyekuonea haya. Namba ya chesesi isomeke bila kutambaa. Kingo zote za nje zisikate mtu: Waingereza, kwa mtihani wao wa magari ya kujengwa nyumbani uitwao IVA, hutaka kingo ziviringwe kwa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5, na hicho ni kipimo kizuri cha kuazima. Waya zisining'inie. Mafuta yasitone popote. Bomba la hewa la tangi litoke nje mbali na ekzosi. Viakisi vya pembetatu viwe ndani ya gari, na mahali pa kuviweka pajulikane.

Kabla ya usajili jaribu kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa yake, na gari lifike huko kwa trela. Njia za mashamba ya mkonge upande wa Vipingo zina kila aina ya ardhi unayohitaji. Paka alama ya rangi kwenye kila nati na bolti ya suspensheni, mstari mmoja unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma. Baada ya kilomita 20 tazama mistari. Iliyokatika ni nati iliyozunguka. Kwa upepo wa tairi, gari jepesi hivi halitaki upepo mwingi kama wa Probox. Anza na psi 20, endesha, gusa tairi kwa kiganja: katikati pakiwa pa moto kuliko kingo, punguza, kingo zikiwa za moto, ongeza.

Ukishapata namba, safari za mwanzo ziwe za Malindi hadi Gede na kurudi, mchana, ukiwa na mtu wa pili anayesikiliza milio upande wake. Kilifi iache hadi nati zote zimetulia. Na siku utakapokwenda, kumbuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, liko juu sana ya maji, na msimu wa kusi upepo hupiga ubavuni kutoka baharini. Gari la kilo 600 huusikia upepo huo. Punguza mwendo kabla ya kuingia darajani, mikono yote miwili kwenye usukani, na umwache mwenye matatu apite.